Alama Nyeupe ya Fundi Ochoki

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Fundi Walter Ochoki anastaafu baada ya kuitumikia gereji yetu ya hapa Kisii mjini kwa miaka thelathini na tisa na miezi miwili. Hafla itakwisha saa tisa alasiri, kwa sababu yeye ni Msabato na jua la Ijumaa halijawahi kuzama akiwa bado hapa. Nishant, mwenye gereji, ameniomba mimi Tryphosa wa stoo niandike ukurasa mmoja wa programu, wenye vichekesho viwili vitatu na shukrani. Vichekesho nimeviweka mbele. Huko nyuma sina.

Mzee Ochoki ni mwenyeji wa Sironga. Aliajiriwa Aprili 1986 na marehemu Mzee Yashwant, babake Nishant, kwa majaribio ya wiki mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa majaribio yamekwisha, naye hakuuliza.

Kazi yake ilikuwa kuvipa maisha vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa. Redio ya kaseti ya pikapu ya mwaka 1984 aliitia kifaa kidogo kwa ndani, ikaanza kucheza nyimbo za kwenye simu na sura yake ya zamani ikabaki vilevile. Wakulima wa ndizi wanaokuja soko la Daraja Mbili aliwatengenezea vyuma vya kubebea mzigo juu ya paa, na vyuma hivyo ukivitazama vizuri utaona vilikuwa vitanda vya shule. Cherehani ya miguu ya Mama Dhanlaxmi, mjane wa Mzee Yashwant, aliifungia mota iliyotoka kwenye mashine kuukuu ya kufulia. Siku ya kwanza cherehani ilishona pazia, ikaliunganisha na mkono wa blauzi ambayo Mama alikuwa ameivaa. Ochoki akaipunguza kasi. Inashona mpaka leo.

Kwa kuwa Jumamosi hakuja, alifungua Jumapili, na Jumapili haikuwa siku ya kutengenezewa. Ilikuwa siku ya kujifunza kutengeneza. Ulileta gari, toroli, jiko la gesi, chochote kilichokuchosha, na sharti lilikuwa moja: mwenye kitu ashike spana mwenyewe. Bwana Machogu wa Masimba aliwahi kuleta gari lake, akaketi na gazeti akisubiri. Ochoki akavuta kiti, akaomba kurasa za michezo, akasoma naye. Walisoma mpaka matangazo ya vifo. Machogu akainuka, akauliza spana iko wapi.

Mimi nilikuja Jumapili moja ya mwaka 2006, na Datsun ya marehemu mume wangu, nikiuliza ni nani hununua vyuma chakavu. Ochoki alinipa spana akaniambia, "Mama, fungua hiyo gurudumu kwanza, mambo ya kuuza tutaongea baadaye." Hatujaongea mpaka leo. Gari hilo ndilo linalonileta kazini, na kazi yenyewe niliipata kwa kuwa kila Jumapili nilikuwa hapa tayari.

Kila aliyepita mikononi mwake anaijua alama yake. Akimaliza kukaza nati, alichovya brashi ndogo katika kikopo cha rangi nyeupe, akachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye ncha ya bolti. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na mwenye gari anajionea bila kumwita fundi. Watu wa Kisii na Nyamira hupiga magoti kila asubuhi kando ya magari yao wakitazama mistari ya Ochoki. Hakuwahi kuchora mstari juu ya nati ambayo hakuikaza mwenyewe mpaka mwisho.

Sasa nafika mahali ambapo Nishant hakuniomba nifike.

Mwaka juzi mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Sote tuliona chai ikimwagika kwenye kisahani, tukazungumza habari za mvua. Siku moja nilipita kwenye gari alilomaliza, nikajaribu nati moja kwa spana, ikazunguka. Alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote. Nguvu zenyewe ndizo zilizokuwa zimepungua, na yeye hakujua.

Sikumwambia. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kula, nilipita nyuma yake nikazikaza nati zake zote. Mistari ilipokatika niliifuta kwa mafuta ya taa, nikachora mingine kwa brashi yake, nikijitahidi ifanane. Nilifanya hivyo miezi kumi na minne. Alirudi akakagua mistari, akaridhika. Desemba iliyopita alituonyesha viganja vyake akasema, "Hii mkono bado iko na kazi." Tukampigia makofi, na mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote.

Februari nilikwenda Nyamira kumzika shangazi yangu, nikakaa siku tatu.

Katika siku hizo Mwalimu Celestine alichukua hapa gereji gari lake la mwaka 1992, mzee akiwa ametoka kulikaza magurudumu, gari ambalo yeye na mzee walilifufua pamoja kwa Jumapili nyingi. Asubuhi alipiga magoti, akatazama mistari, ikawa sawa, akaondoka. Karibu na Masimba usukani ulianza kumtikisa. Alisimama kando ya barabara, akakuta gurudumu la mbele limebakiwa na nati mbili. Hakuumia, na Mungu ashukuriwe. Siku niliporudi kazini ndiyo siku aliyokuja, ameifunga nati moja ndani ya leso, ikiwa na rangi nyeupe upande mmoja. Hakupaza sauti. "Fundi, hii ni alama yako?" Mzee aliigeuzageuza mkononi, ikaanguka, akaiokota. "Ni yangu, Mwalimu." Akanawa mikono, akaomba karatasi, akaandika barua ya kustaafu akiwa amesimama. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa stoo, nikarudi ndani.

Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza jambo lile lile. Kama gari la Mwalimu lililegea, mengine yote ya miezi ile yalikaza vipi? Anakumbuka majina, anauliza habari za kila gari, anaogopa simu inapolia. Nimekuwa nikimjibu kwamba ni bahati.

Haikuwa bahati, mzee wangu. Ilikuwa ni mimi. Siku zile tatu lilitoka la Mwalimu peke yake, na hakuna gari lingine lililotoka likiwa limelegea, kwa hiyo usiogope simu tena. Lakini pia ningekuambia siku ile ya kwanza, ungeiweka spana chini mwenyewe, ukiwa umeinua kichwa, na Mwalimu asingesimama kando ya barabara. Nilidhani nakuheshimu, kumbe nilikuficha mikono yako mwenyewe. Na nilichora alama yako, wewe ambaye hukuwahi kuichora bure. Naona aibu, na naomba unisamehe mbele ya watu hawa wote.

Gereji inakushukuru kwa miaka yako yote. Mama Dhanlaxmi ameshona kitambaa cha meza yako kwa cherehani ile. Mwalimu Celestine amekuja, na gari ni lile lile. Amesema nisisahau kuandika hivyo. Binti yako Nyangate atakuendesha mpaka Sironga kwa pikapu yako, na tunakutakia huko mapumziko ya amani, afya, na Sabato nyingi zisizo na haraka.

Nati za pikapu hiyo nimezikaza mimi asubuhi hii, zote ishirini, kama ulivyonifundisha. Sikuchora kitu. Kikopo cha rangi na brashi nimeviweka kwenye kiti chako. Kabla hamjaondoka, chukua spana uzijaribu moja moja, na ukiona kazi yangu inafaa, chora mstari wako. Mkono ukitetemeka, uache utetemeke. Nitasimama hapo kando nikingoja.