Ukuta wa Mwalimu Mkaa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Mkaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili, mpaka rangi, ndiye anayewasomea haya.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1988. Mwaka uliofuata alipewa darasa la awali, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, na hakuhama tena.

Mwaka 1992 aliolewa na fundi baiskeli. Kwa kuwa vikombe vya nyumbani havikukosa alama za vidole vyeusi, mumewe alizoea kusema, "Wenzangu wamepata jiko. Mimi nimepata na mkaa wake."

Mkaa huo ulikuwa wa kazi. Aliwafundisha watoto wa miaka mitano habari za watu walioishi kabla ya maandishi. Alifunga mapazia, akawasha tochi nyuma ya karatasi nyekundu, darasa likawa pango. Watoto walisaga mkaa na udongo, wakachora nyati, wakapiga picha kila mchoro kwa kishikwambi, na picha zilipopitishwa haraka nyati akaonekana anakimbia.

"Mwalimu, kwani wewe ulikuwepo?" mmoja alimuuliza.

"Nilichelewa kidogo tu. Nilikuta moto bado unafuka."

Kuanzia mwaka 1998, kila mtoto aliweka kiganja ukutani, wenzake wakakipulizia maji ya udongo mwekundu kwa mrija. Mkono ukiondoka, umbo lake linabaki. Wa kwake mwenyewe aliuweka kiporo: "Wangu siku ya kustaafu."

Aprili 2024 figo zilimlaza hospitali. Mdogo wake, akitaka kumfurahisha, alijitolea kulipaka darasa lile wakati wa likizo. Aliona ukuta umechafuka. Akaupaka rangi nyeupe ya mafuta, mara mbili, akapeleka picha wodini.

"Dada, ona! Jipya kabisa."

Dada yake aliikagua picha kona kwa kona. "Umepaka vizuri, mdogo wangu. Hata kona hazina michirizi."

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka alichungulia. "Mwalimu, na mkono wangu pale dirishani? Wa mwaka 2001?"

Mpaka rangi alikosa pa kuweka uso.

"Mwache, binti," marehemu alisema. "Hakujua."

Hakujua kwa sababu hakwenda. Kila mwaka, kwa miaka ishirini na sita, dada yake alimwita akauone ukuta ule, naye kila mwaka alijibu, "Nitakuja, dada, nimebanwa na kazi."

Alipanga kumwomba radhi Jumapili, tarehe 2 Juni. Alifika saa nne asubuhi. Dada yake alikuwa amefariki saa tatu, na kitanda kimeshatandikwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake, na mikono mia saba na kumi na mbili chini ya rangi nyeupe. Wa kwake haumo.

Apate pumziko jema, na amsikie mdogo wake anapomwomba radhi hapa.