Waya ya Kuku kwa Ukuta

"Waya ya kuku?" Ngendo alicheka mpaka mwavuli ukamtoka mkononi. "Fundi, mimi najenga nyumba Kiganjo, si banda!"

Jeconia hakukasirika. Miaka ishirini ya kupiga plasta imemzoesha kuchekwa, hata ndani ya treni ya asubuhi, na mama waliyejuana naye tu tangu steseni ya Thika. "Mama, plasta ya nje hupasuka pale nguzo ya konkriti inashikana na mawe, na kwa kona za madirisha. Hapo unapigilia waya, chini yake unaweka vifuniko vya soda ndio isilale kwa ukuta. Plasta inaingia nyuma, inaishika kabisa."

"Ya kwanza ilipasuka kabla mwaka uishe. Jumatatu tunapiga ingine. Nitakuaminije?"

"Tukifika Ruiru, angalia kushoto. Ile flati ya manjano ni yangu. Yaani, nyumba iko na mwenyewe, lakini ukuta ni wangu. Imenyeshewa miaka tano."

Treni ikapunguza mwendo. Ngendo akavaa miwani, akakodoa macho. "Woi, fundi. Naona ufa. Mrefu!"

Jeconia aliruka, akabandika pua kwa kioo.

"Keti bwana, ni kamba ya nguo." Behewa zima likacheka.

Treni iliposimama, Ngendo akashuka. Watu wote walienda kulia, kwa geti. Yeye akaenda kushoto. Jeconia akatoa kichwa dirishani, akaita steseni nzima isikie: "Gonga kwa kona ya dirisha, mama! Gonga na nguvu!"