Jani Moja kwa Mama Alama

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa kituo, wageni waalikwa, familia ya mstaafu wetu, ndugu wafanyakazi wenzangu wa maabara, ofisi na kitalu. Na wewe Mama Alama, ambaye kwa itifaki sijui nilitakiwa nikutaje wa kwanza au wa mwisho, basi nimekuweka mwisho usije ukasahaulika. Habari za mchana.

Mimi ni mtunza kitalu. Mnaniita Mzee Maji, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili mmeniona na mpira wa maji tu. Afisa utumishi ameniandikia karatasi ya dakika tatu: nimshukuru Mama, nimtakie afya njema, nikae. Karatasi ninayo hapa. Lakini tangu asubuhi kichwa hakijatulia, soksi nilizovaa hazifanani, na mke wangu ameniambia, "Baba, leo ama useme ama upasuke." Sasa sijui nianze na karatasi au nianze na kupasuka.

Nianze pale nilipoanza kuchanganyikiwa. Mama alipofika hapa alinikabidhi miche ya muhogo, urefu wa kidole, yote ya kijani, yote mizima. Baada ya wiki akaja na orodha: huu ubaki, huu ung'olewe. Nikamuuliza, "Mama, huu nao umekosa nini? Mbona umenawiri kuliko wenzake?" Akanijibu, "Hauna alama ya kinga dhidi ya ugonjwa wa batobato." Nikaugeuza juu chini, nikautazama jani kwa jani, alama sikuiona. Ndugu zangu, nani kati yenu angeiona?

Mama hakunicheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na koti lake jeupe, akasema, "Mzee Maji, ukimtafuta mtu na nyumba yake huijui, si unaelekezwa uangalie geti la bluu la jirani yake?" Nikasema ndiyo. "Basi kinga yenyewe, humo ndani ya vinasaba, hatujui imekaa wapi hasa. Ila geti la jirani yake tunalijua. Wamekaa ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mche ukirithi kimoja, karibu kila mara umerithi na cha pili. Ukitoboa kipande cha jani, maabara inaliona geti hata kabla ugonjwa haujabisha hodi."

Nikauliza, "Na wakihama?"

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Wakihama, Mzee Maji, nitaaibika mimi na geti langu."

Geti hilo alilitafuta kwa miaka kumi na moja. Miaka sita iliyopita akasema amelipata, na jaribio la kulithibitisha likawekwa katika trei mbili, chini ya mikono yangu. Tukatoboa majani, tukayapeleka maabara, kila jani na namba ya mche wake. Kesho yake, kwa uvivu wa kurudi mara ya pili, nikabeba trei zote mbili kwa mpigo. Nikateleza. Miche haikuvunjika, lakini vibao vya namba vilimwagika sakafuni kama karata.

Nikavirudisha kwa kukumbuka. Nilijiaminisha kwamba mtu anayeijua miche yake kama watoto wake hawezi kukosea. Lakini ninyi wenye watoto wengi mnajua wenyewe tunavyowaita kwa majina ya ndugu zao!

Majibu yakaja. Tukaing'oa miche iliyoandikwa haina alama, na iliyoandikwa inayo tukaipeleka shamba lenye batobato. Ndugu wageni waalikwa, iliugua karibu yote, majani yakajikunja, yakaingia madoa ya njano. Kamati ikaandika kwamba alama ya Mama haina maana, utafiti ukafungwa. Mama akatoka kikaoni, akaja kitalu, akasimama mbele ya meza tupu akasema neno moja tu: "Sielewi." Na mimi, jamani, nikafungua mpira nikaanza kuimwagilia ile meza tupu.

Kwa nini sikusema? Niliogopa kazi yangu, hilo nalikiri. Lakini pia sikujua niseme nini. Kosa lilikuwa la geti au la vibao? Hata sasa hivi, nimesimama mbele yenu, sijui.

Ila lipo jambo jingine. Ndugu Mkurugenzi, naona umevua miwani, bora uivae tena. Miche iliyong'olewa huchomwa, ndiyo kanuni. Mmoja sikuuchoma. Niliuonea huruma, nikautia mfuko wa shati, nikaupanda nyuma ya jiko langu. Jirani yangu fundi cherehani ameng'oa muhogo wake wote mara mbili kwa batobato. Wangu uko palepale, kijani, kila mwaka nakata pingili napanda tena, hauna doa. Maandishi yalisema hauna alama. Sasa kinga umeipata wapi? Nimejiuliza swali hilo miaka sita, na jana mke wangu alinichoka. Akasema, "Mficha uchi hazai, mume wangu. Anayeweza kujibu anaondoka kesho."

Mama, wenzangu wamekuletea saa ya ukutani na kitenge kizuri. Mimi nimekuletea bahasha. Ndani kuna jani moja, nimelichuma asubuhi, nimelifunga kwenye karatasi mbichi kama ulivyonifundisha. Funguo za maabara unazikabidhi saa kumi, bado uko nazo. Lipime. Likikosa alama, nitabaki na ujinga wangu. Likiwa nayo, basi geti lako halijahama hata hatua moja. Mimi ndiye niliyebadilisha namba za nyumba, na wewe ulibebeshwa aibu isiyo yako. Nisamehe, Mama. Ndugu Mkurugenzi, barua yangu utaniandikia kesho. Katika umri wangu huu, leo ndiyo mara ya kwanza namwomba Mungu nionekane nimekosea.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia, dakika tatu zimepita zamani na karatasi ya afisa utumishi sijaisoma. Asanteni sana kwa masikio yenu.

Mama, mbona umeshasimama? Na keki haijakatwa? Haya, tangulia. Nakuja kukushikia mlango.