Kila Chumba na Ndoo Yake

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja alikuwa amembana kwa maswali nesi aliyefanya utafiti wa kuhara mtaani kwake.

"Mwanangu, ulituhoji, tukakupokea vizuri. Mbona ndoo za maji safi mmewapa mtaa wa pili?"

"Mama, nyie mnazo. Kila chumba nilikuta ndoo ya bluu yenye bomba. Tena zote mifuniko imepasuka upande uleule, nikasema mmenunua duka moja."

Mama akageukia dirisha. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la dawa ya meno.

"Ni ya wifi yangu," akasema hatimaye. "Ukitoka mlango wa mbele, tunaipitisha uani, inakusubiri kwa jirani. Ungetukuta bila ndoo, ungetuonaje?"

"Ningewaona mnahitaji ndoo!"

"Na kweli tunahitaji. Wajukuu wanaharisha tangu juzi."

Nesi akashika kichwa. Utafiti mzima ulikuwa umemzunguka kwa nyuma. "Basi nitarudi, tuanze upya."

Basi likasimama. Mama akainuka, uso umemchangamka.

"Karibu sana, mwanangu. Ila utuambie siku mapema, usije ukatukuta hivi hivi."