Moffat na Mashimo Mawili ya Taya

Benchi letu liko nje ya duka la vyuma la Govind, hapa Kiganjo. Ni letu: la Sajini Wandera, aliyestaafu kufunza makuruta, la Kasyoki wa dawa za mifugo, tunayemwita Profesa, na langu mimi Waithira, ninayeuza kahawa na kuambiwa ninyamaze. Jana asubuhi Moffat, kijana wa hapa mtaani, alitujia mbio na picha ya eksirei, na mimi nikasahau hata baridi.

— Mama Kahawa, niko na mashimo mbili kwa taya!

— Mashimo ya nini?

— Hata daktari hajui yametoka wapi! Nilienda kusafisha meno kwa vile Alhamisi tunaandikwa polisi. Akapiga picha, akaita wenzake waone! Ati mara nyingi huwa moja. Yangu iko kushoto na kulia!

Sajini aliinua picha juani. Kweli, chini ya magego palikuwa peusi, na weusi wenyewe umepanda katikati ya mizizi.

— Minyoo, akasema Profesa. Nimeona kwa ng'ombe.

— Minyoo gani hiyo inakula mfupa na kuacha jino?

— Minyoo iko na akili!

— Wacha! Sajini akaruka. Hiyo ni baridi ya mlima. Inaingia ukipiga miayo, inajenga.

— Nyinyi hamjui kitu, nikasema. Si Moffat ako na simu mbili? Moja kila sikio!

Eee! Hata Govind alipiga makofi kule ndani. Nilijisikia daktari kabisa.

— Lakini daktari mwenyewe anasemaje? Sajini akauliza.

— Ati ndani ni tupu, pengine maji kidogo. Baadaye atafungua kadirisha, damu iingie, mfupa ujijaze.

— Damu igeuke mfupa? Huyo anakuchezea! Profesa alikuwa amesimama. Ng'oa hayo magego leo, minyoo ikose nyumba! Kuna fundi wa meno sokoni, nampigia sasa hivi.

— Aking'oa, Alhamisi watamwangalia mdomo wamrudishe nyumbani! Sajini akapinga.

— Na taya ikivunjika akikimbia huko? Profesa akauliza.

Moffat alijishika taya. Tangu darasa la nne huyu kijana anataka ile kofia ya polisi tu.

— Mpigie, akasema kwa sauti ndogo.

Simu ilikuwa inaita wakati Kanini, mwalimu mgeni, alitoka dukani na kufuli yake mpya.

— Samahani, Moffat. Inauma?

— Haiumi. Haijawahi.

— Daktari alisema meno ni mabovu?

— Alisema ni mazima kabisa.

— Sasa mnang'oa nini?

Niliinua chupa ya kahawa nimjibu kwa kikombe, kumbe imeisha. "Haloo? Haloo?" fundi akaita kwenye simu, na Profesa akamkatia.

Sajini alisimama wima.

— Kuruta! Fungua mdomo!

Moffat akafungua. Sajini akachungulia kushoto, akachungulia kulia, kama enzi zake.

— Meno yote yapo. Funga! Na usimfungulie mtu mwingine mpaka Alhamisi. Halafu umrudie daktari.