Swali la Mwalimu Hilaria Halifutwi

Mwalimu Hilaria Gidamis anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya kufundisha Fizikia, yote katika shule yetu hapa Maretadu. Walimu wengi walipita hapa wakielekea mjini. Yeye alikuja na begi moja kutoka Endasak, akagoma kuhama.

Amefaulisha wanafunzi, tena wengi: wahandisi, daktari mmoja, na walimu kibao. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemsema mtu mwingine. Mwalimu Hilaria anajulikana kwa swali aliloliandika kwenye kona ya juu ya ubao wa maabara mwaka 1994. Chini yake aliandika SIJUI, akatia sahihi, na kila muhula hulikolezea chaki.

Swali lenyewe hulieleza kwa madebe mawili na punje moja ya haragwe. Nadharia ya kwanta inasema kitu kidogo mno, kabla hakijapimwa, hakina mahali pamoja. Ni kama haragwe lililomo katika madebe yote mawili kwa wakati mmoja. Nadharia ya uvutano nayo inataka kila chenye uzito kivute kutoka pale kilipo. Sasa haragwe hilo linavuta kutoka debe lipi? Kila nadharia imepimwa peke yake ikashinda, ila zikikutanishwa hapo hazisikilizani, na mabingwa wa dunia bado wanakuna vichwa. Mwalimu alikataa katakata mtoto wa Maretadu afichwe jambo hilo eti kwa sababu haliji kwenye mtihani.

Mwaka 2009 mimi, Emanuel Tluway wa Kiswahili, nikiwa mwalimu wa zamu, nililifuta. Wakaguzi walikuwa wanakuja, nami nilitaka ubao ung'ae. Hakunigombeza. Alinipa madebe na haragwe, akanitaka nimweleze nilichofuta ni kitu gani. Ugali wangu wa mchana ulipoa huku nahamisha haragwe debe hadi debe. Mwisho nililiandika upya. Mwandiko mnaouona ni wangu, sahihi ni yake.

Kesho yake mkaguzi aliamuru lifutwe, kwa kuwa halimo kwenye muhtasari wa somo. Mwalimu alimpa shikamoo, akamkabidhi chaki, akamwomba aandike jibu kwanza, kisha yeye Mwalimu alifute swali. Mkaguzi alisimama na chaki mpaka kengele ikalia. Ripoti yake ilisema maabara yetu haina nidhamu ya ubao. Tuliibandika ofisini, na ipo hadi leo.

Mwezi huu kamati ya ukarabati ilipendekeza ubao upakwe rangi, maana mwenye swali anaondoka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwona Mwalimu ameogopa. Hakuuliza habari za sherehe wala zawadi. Aliniuliza kama swali litabaki. Iliniuma. Walimu wote kumi na tisa tumetia sahihi zetu chini ya yake, safari hii kwa rangi ya mafuta. Kamati ikitaka kufuta, ilete jibu.

Mwalimu, zawadi yako ni mbuzi, kama ilivyo desturi, na madebe mawili matupu na haragwe moja. Ahsante kwa kutufundisha kutoona haya kutojua. Nenda Endasak ukalime, upumzike, Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Siku utakayojua haragwe linavuta kutoka debe lipi, rudi ufute ubao kwa mkono wako. Kabla ya hapo, hafuti mtu.