Jina Lake Halikuwa Subiri Kidogo

Aliyelala mbele yetu leo, Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2019, ni Valerian Rwechungura Ishengoma. Tunaanza na jina kwa sababu wapo waliokuja kumzika Subiri Kidogo. Huyo hayupo hapa. Kama ndiye mliyemfuata, poleni na baridi. Magari yenu yako pale pale mlipoyaegesha.

Programu mliyoshika ni chapa ya pili. Ya kwanza ilitoka Jumatano, na chini ya picha iliandikwa: "Marehemu Valerian, maarufu Subiri Kidogo." Dada yake mkubwa, Adelina, aliyemlea, aliiona akiwa jikoni kwake Flemingdon Park, hapa Toronto. Akazima jiko, akampigia mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Bwana Godson.

"Dada, watu wanamjua kwa hilo," Godson alijitetea. "Lile lingine refu, litawashinda."

"Linawashinda, au hawajajaribu? Haya, wewe lisome."

"Rwe... Rwechu..."

"Umekabwa?"

"Rwechungura."

"Tena."

Alilirudia mpaka likanyooka. Chapa ya kwanza Adelina aliibeba kwa mikono yake hadi kwenye pipa la taka la jengo. Mwenye nakala iliyonusurika aifungie maandazi, itakuwa imefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza.

Valerian alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1974 Kanyigo, wilaya ya Bukoba, katika mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Alikuwa kitinda mimba wa Katekista Januari Ishengoma na Mama Genoveva. Rwechungura alipewa na babu yake. Lilikuwa na herufi nyingi kuliko meno ya mwenyewe, lakini babu alisema atalikulia tu, kama mtoto anavyolikulia koti la kaka yake. Mama yao alipofariki mwaka 1982, Adelina alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na mtoto akawa wake. Jioni akipakua ndizi aliita kuelekea migombani, "Vale! Vale wee!" Chakula kinapoa, mtoto yuko nyuma ya mgomba anatazama sahani, tumbo linamwunguruma, na haji. Mpaka dada aite, "Valerian Rwechungura!" Hapo ndipo alitoka, ameshanawa mikono tayari. Njaa aliiweza. Kuitwa nusu hakukuweza.

Alisoma shule ya msingi Kanyigo, kisha sekondari Bukoba mjini, akamaliza kidato cha sita mwaka 1995. Mieleka alijifunza kwenye nyasi za uwanja wa shule, ambako aliwaangusha wenzake halafu akawapangusa vumbi. Tarehe 9 Septemba 1998 alimfuata dada yake Toronto, akasomea ufundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na baada ya mwaka mmoja akaacha. Kuna wazee hapa wamemsema kwa hilo miaka ishirini. Wazee, mtu ametoka kwenye joto la bure, amevuka bahari, halafu mnataka akalipie ada ya kufundishwa kutengeneza joto? Aliacha kwa akili timamu.

Alipata kazi katika kiwanda cha milango Vaughan. Msimamizi wake alimwita Val wiki ya kwanza, na ya pili akamwita Wally. Wally! Kwa jirani yake Adelina kulikuwa na mbwa wa jina hilo, na mbwa mwenyewe alikuwa haitiki. Jioni alikwenda Etobicoke, kwenye ghala nyuma ya duka la matairi, alikofundishwa mieleka ya kulipwa. Pambano la kwanza alicheza mwaka 2002 katika ukumbi wa maveterani wa vita. Mnaosema "ile si mieleka, wanaigiza", jaribuni siku moja kubebwa juu ya kichwa cha mtu na kutupwa chali kwenye mbao zilizofunikwa turubai. Mkiinuka, tutaendelea na mjadala.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na Jolie, binti wa Bukavu, anayefanya kazi katika sehemu ya dobi ya nyumba ya wazee. Posa ilitaka kuvunjika. Shangazi mmoja wa Jolie alikumbuka wanamieleka wa kwao Kongo, wacheza catch, wanaoingia ulingoni na hirizi, akashika kichwa.

"Jolie, huyu anafanyaka catch? Si njo bale ba fétiche?"

"Hapana, tantine. Fétiche yake ni barafu. Anaiwekaka ku magoti."

Walijaliwa watoto wawili, Yvan mwaka 2009 na Sabine mwaka 2012.

Mwaka 2011 alichukuliwa na kampuni ya mieleka ya Kimarekani iliyokuwa ikizunguka miji ya huku. Bosi wake alikuwa na meno meupe kuliko dhamiri yake, na jina lake halitachafua karatasi hii. Alimtazama Valerian, akatazama ramani, akampa ngozi ya chui ya plastiki na shanga za mifupa ya mpira, akambatiza "Mla Watu wa Ziwa Viktoria". Amri ilikuwa moja: asiongee Kiingereza popote anapoweza kusikiwa na mtu aliyenunua tiketi. Mtoto wa katekista, mwenye kidato cha sita, aliambiwa angurume.

Alinguruma. Alisimama juu ya wapinzani wake, macho yamemtoka, akiunguruma kwa Kiswahili, "Maziwa! Mkate! Na sabuni ya kuoshea vyombo!", kwa sababu Jolie alikuwa amemwagiza. Wazungu walikimbiza watoto wao nyuma ya viti. Adelina alicheka mara ya kwanza, baadaye hakucheka tena. "Wanakulipa ili usiwe mtu," alimwambia. Valerian akajibu, "Dada, ngoja. Wajapani wanakuja."

Kampuni ya Kimarekani ilikuwa imeungana na moja ya Japani kuandaa onyesho la pamoja Toronto, tarehe 13 Juni 2015, katika kiwanja cha mpira wa magongo ambacho barafu yake ilikuwa imeyeyushwa kwa ajili ya kiangazi. Valerian alipangwa na mkongwe wa Kijapani. Alijua kabisa atashindwa; hilo lilipangwa ofisini na halikumsumbua. Alichokitaka kilikuwa kingine. Kwa Wajapani, kabla ya pambano mtangazaji husimama katikati ya ulingo, akaita jina la mtu lote, na mahali alipozaliwa, kwa sauti ya kuvuta, na watazamaji humrushia tepe za karatasi za rangi. Miaka kumi na mitatu ulingoni, jina lake halikuwa limetajwa hata siku moja. Adelina akapita kwa Waswahili wote anaowajua, msikitini na kanisani, akiwaambia: "Njooni. Leo jina la nyumbani linatajwa."

Mtangazaji, mzee mfupi mwenye tai ya kipepeo, alikuwa akimfuata kila mwanamieleka kumuuliza jina lake linatamkwaje, ili asimkosee. Kwa Valerian, karatasi yake ilikuwa na Bukoba na Mla Watu tu. Alipomfikia Valerian nyuma ya ukumbi, bosi alikuwa hapo hapo, akiwatembeza washindi wa bahati nasibu walioruhusiwa kuona chumba cha kubadilishia nguo. Mzee akainama, akauliza kwa Kiingereza, "Jina lako, tafadhali?" Valerian hakuruhusiwa kujibu kwa Kiingereza, wala kujitaja kwa jina lingine zaidi ya Mla Watu. Alitaka bosi apite kwanza, amnong'oneze mzee jina kamili. Akainua kidole, akasema kwa upole:

"Subiri kidogo."

Mzee akaandika. Akainama tena, akashukuru, akaondoka. Wakati huo huo muziki wa Mla Watu ukapigwa, na Valerian akasukumwa kwenda ulingoni.

"Kutokaaa Bukoba, Tanzaniaaa," mzee aliita, na Bukoba aliitamka sawasawa, "Suuu-biii-riii... KIDOGOOO!"

Tepe nyekundu na za manjano zikamiminika juu ya ulingo. Na katika safu za juu, Waswahili wote waliokaribishwa na Adelina wakaanguka wakicheka. Yusuph, ambaye yuko hapa leo na anajijua, alisimama akapaza sauti, "Tumesubiri vya kutosha, baba!" Wenzake wakaigeuza wimbo, wakapiga makofi, "Tu-me-su-bi-ri! Tu-me-su-bi-ri!" Wakanada wasiojua hata maana ya "jambo" wakaudaka, ukumbi mzima ukaimba. Adelina alipanda juu ya kiti. Alikuwa mtu pekee aliyekuwa akiita, "Valerian Rwechungura Ishengoma! Jamani, anaitwa Rwechungura!" Aliita mpaka sauti ikakauka. Ndugu yake alikuwa chini pale, tepe zimemzunguka shingo, akizitazama safu za juu. Hakumsikia.

Alipigana siku ile kuliko siku zote. Makofi ya kifuani ya mkongwe yalisikika mpaka kwa wauza soda, naye alirudisha kofi kwa kofi. Aliposhindwa, mkongwe alimwinua, akamwinamia mbele ya watu wote, akamwita "Kidogo-san", yaani Bwana Kidogo. Naye akainama. Afanyeje? Heshima haikuwa na kosa, jina ndilo lililokuwa na kosa.

Baadaye yule mtangazaji alielezwa alichokifanya. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti, kisha akaomba afundishwe. Na hapa, ndugu waombolezaji, mnaosema jina hili ni gumu, sikilizeni: Mjapani yule alilitamka mara ya kwanza, bila kujikwaa. Rwe-chu-ngu-ra. I-she-ngo-ma. Alizunguka ukumbini akilifanyia mazoezi kama mtu anayehifadhi sala. Aliahidi kuliita Tokyo msimu wa vuli, kwa sababu kampuni yake ilikuwa imeshamwalika Valerian.

Bosi alimwambia Valerian asubiri. Mla Watu alikuwa bado anauza tiketi, na mla watu mwenye jina la ubatizo hatishi mtu. Vuli ikapita. Ya pili ikaingia. Mtaani nako, kila alipopita Don Mills, watu wazima wenye wake na watoto walimpigia kelele, "Subiri Kidogo!", wakacheka kana kwamba wamelibuni wenyewe asubuhi ile. Alipunga mkono. Hakuitika. Nyinyi mlidhani anaringa.

Tarehe 5 Novemba 2016, katika mji mdogo nje ya Toronto, bosi alitaka Mla Watu aanguke kutoka kwenye kamba ya juu. Valerian aliangukia shingo. Alibaki chali, akamwambia refa kwa Kiingereza, kwa mara ya kwanza ulingoni tangu awe Mla Watu, "Sisikii mikono yangu." Refa aliinama akamnong'oneza, "Usiongee. Watakusikia." Pambano likaendelea juu ya mwili wake. Watazamaji walishangilia, kwa kuwa waliambiwa washenzi wa ziwani wana hila ya kujifanya wamekufa. Mnaotaka kujua hasira iliyomo katika karatasi hii inatoka wapi, someni sentensi hizo tena mkifika nyumbani.

Aliamka, akatembea kwa fimbo. Kisha kichwa kikaanza kumsaliti. Madaktari walisema ubongo ulikuwa umepigwa miaka mingi. Alisahau jiko likiwaka, akasahau basi la kurudi nyumbani. Alimwita Sabine Yvan na Yvan Sabine, nao wakaanza kuitikia vyovyote, kwa Kiingereza chao, ili baba asione aibu. Jina lake hakulisahau. Kila alipochanganyikiwa, Adelina aliketi kando ya kitanda akaliita lote, kama enzi za migombani, naye akageuza uso kumtazama.

Alifariki Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2019, alfajiri, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, Jolie akiwa amemshika mkono mmoja na Adelina mwingine.

Ameacha mjane, Jolie; watoto, Yvan na Sabine; dada, Adelina; na kaka, Elias, aliyeko Kanyigo na ambaye leo amewasha moto uani kwa ajili ya waombolezaji wa huko. Kampuni ya mieleka imeleta shada la maua lenye jina la Mla Watu. Hatumfahamu. Shada liko nje ya lango, yeyote mwenye marehemu wa jina hilo aende akalichukue.

Kila mmoja amepewa tepe ya karatasi iliyoviringishwa. Msimamizi wa makaburi ameuliza nani ataokota baadaye. Bwana Godson ataokota.

Sasa shikeni ncha kwa mkono wa kushoto. Msicheke, msipige makofi, msiimbe. Adelina anasogea kaburini kuita jina la ndugu yake, na safari hii hakuna ukumbi wa kumzidi sauti. Ataliita lote, pamoja na kijiji chake. Akifika kwenye silabi ya mwisho, rusheni.

Valerian Rwechungura Ishengoma, wa Kanyigo, Bukoba, pumziko lako ni lako tangu sasa. Usilisubiri tena, hata kidogo.